Picha ya mvua aliyoiacha marehemu baba

SWALI: Marehemu baba alifanya kazi reli hapa Tabora. Miaka ya sabini, Mjapani mmoja aliyekuja kufundisha kwa kujitolea alimwachia picha wakati anaondoka kurudi kwao. Watu wanaikimbia mvua, wengine wamebeba machela, mmoja amejikinga na mwavuli. Imetundikwa ukutani mkabala na dirisha, rangi zimepauka. Kaka anataka tuipige laminesheni halafu tuiuze, eti ni mamilioni. Nifanyeje?
Binti wa Reli, Isevya

JIBU: Binti yangu, hiyo laminesheni mkatalie kaka yako leo hii. Plastiki ikishagandishwa kwa moto kwenye karatasi, hutaitoa bila kuichana picha.

Kwa unavyoieleza, ni mvua ya kituo cha Shono, mojawapo ya picha za mchoraji wa Kijapani Hiroshige za vituo 53 vya Tokaido, barabara ya zamani ya Japani, zilizoanza kutoka miaka ya 1833 na 1834. Lakini msigawane hela bado. Picha hiyo, ambayo huchapwa kwa mbao zilizochongwa, inapendwa mno, imechongewa mbao mpya na kuchapwa upya mara nyingi, na mgeni anayeaga mara nyingi huacha zawadi ya dukani.

Itoe kwenye fremu mchana, mikono ikiwa mikavu. Shika kioo cha kukuzia. Ukiona rangi imeundwa na vidoti vilivyojipanga, ni kazi ya mashine, yaishe. Usipoviona, igeuze. Mchapaji wa mbao hulaza karatasi juu ya ubao uliopakwa rangi, kisha huisugua mgongoni kwa kisuguo cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Rangi hupenya hadi nyuma, na ukiilaza mwanga ukaja kwa ubavu, utaona njia za kile kisuguo. Hapo utajua ni ya mbao. Kama ni ya enzi za Hiroshige au ya juzi, mtaalamu ndiye atakayelinganisha mistari na mihuri. Mpigie picha za mbele, nyuma na pembezoni.

Rangi iliyopauka hairudi, na asije mtu kuikoleza kwa kalamu. Hadibodi ya nyuma ina asidi, ndiyo inayoigeuza karatasi rangi ya chai. Iondoe, ila kama imegandishwa kwa gundi, iache kama ilivyo. Selotepu marufuku. Weka kadibodi isiyo na asidi, kioo kisiiguse picha, uitundike ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Nyuma ya fremu acha nafasi ya kidole: mchwa wa Tabora mnawajua wenyewe.

Na pembezoni msizikate ili iingie kwenye fremu. Mnunuzi anayejua huangalia hapo mapema sana.