Kesi inapigwa kalenda kila ikitajwa: swali la kwanza ni nani anayeichelewesha

Ndugu uliyeuliza kama kesi ya madai inayoahirishwa mwaka hadi mwaka inavunja haki yoyote ya binadamu: inaweza kuvunja. Wengi hudhani haki ya kusikilizwa ndani ya muda unaofaa ni ya washtakiwa wa jinai tu, lakini Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950, ibara ya 6, unataja na mashauri ya madai. Mkataba wa Afrika wa 1981 nao unaigusa haki hii katika ibara ya 7.

Nimelifuatilia shauri la mirathi la familia yetu kwa miaka. Leo hakimu kahamishwa, kesho jalada halionekani, mara wakili wa upande wa pili ana udhuru. Shahidi wetu mkuu alifariki kabla ya kupanda kizimbani. Alichokijua kuhusu ule wosia hakuna tena wa kukisema, na hilo linaniuma mpaka leo.

Usitafute idadi ya miaka kwenye mikataba, haimo. Majaji hupima ugumu wa shauri, mwenendo wako wewe, mwenendo wa mahakama na mamlaka, na uzito wa kinachopiganiwa. Mrundikano wa kesi usiokwisha haukubaliki kuwa kisingizio. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imelisema hilo mara nyingi, kwamba ni wajibu wa nchi kuzipanga mahakama zake. Mwaka 2000, katika shauri la Kudła dhidi ya Poland, iliamua kwamba nchi lazima iwe na njia ya ndani ya kulalamikia ucheleweshaji. Mwaka uliofuata Italia ikatunga sheria ya fidia kwa walioumizwa na kesi ndefu.

Kilichotusogeza sisi ni mwenendo wa shauri ulioandikwa vizuri. Wakili wetu alisisitiza kila ahirisho liingizwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu na aliyeliomba. Baadaye tukamwandikia mkuu wa mahakama, tukaorodhesha maahirisho yote, tukaomba tarehe ya kusikilizwa, siyo ya kutajwa tena. Ndipo mashahidi waliobaki wakaitwa.

Ahirisho utakaloliomba wewe litahesabiwa upande wako, kwa hiyo ukiumwa peleka cheti cha daktari. Na kama shauri lako linahusu malezi ya mtoto, ajira au mgonjwa, liseme hilo mwanzoni kabisa mwa barua, kwa sababu mashauri ya aina hiyo yanadai haraka zaidi.