Maswali Yenu: Bunduki za Muvi za Anga, Zimetoka Wapi na Unaziundaje

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia silaha za bandia za muvi za sayansi ya kubuni, na nimefurahi kweli manake ni jambo ninalolipenda kutoka moyoni. Nimechagua chache, na kwa kuwa wengi mmeuliza yanayofanana, soma hata swali ambalo si lako.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimeangalia Star Wars ile ya kwanza ya 1977 mpaka nimeikariri, nasimamisha picha kila Han Solo akichomoa bastola yake. Naona ina darubini juu na mdomo wa ajabu mbele ila sijui imetoka wapi, na nikitaka kuichora kwa vipimo vya kweli naanzia wapi? *– Mkariri Muvi*

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umeanza na ile yenyewe. Hiyo ni Mauser C96, bastola ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa 1896, yaani muvi inatupeleka kwenye galaksi ya mbali halafu jamaa anapigana na bastola ya karne ya 19. Juu wakafunga darubini ya kulengea ya Hensoldt Wetzlar, nayo ya Kijerumani, na pale mdomoni wakachomeka kificha mwali (kifaa cha mdomoni kinachoficha moto wa risasi) cha MG 81, rashasha iliyokuwa inafungwa kwenye ndege za kivita. Silaha zilitoka Bapty, kampuni ya London inayokodisha silaha kwa watengeneza sinema, na aliyezivalisha mapambo ni Roger Christian, mpambaji wa seti. Bajeti ilikuwa ya kubana, kuunda silaha mpya kutoka sifuri isingewezekana, kwa hiyo akachukua bunduki halisi za zamani akazibandika mabaki ya vyuma na vipande vya mitambo. Mimi naamini hata wangekuwa na hela za kumwaga wasingepata kitu kizuri kuliko kile, manake bunduki halisi ina uzito, na mwigizaji akibeba kitu kizito mkono wake hauwezi kudanganya.

Sasa kabla hujashika penseli jiulize, chini ya haya mapambo kuna bunduki gani? Hili ndo swali la kwanza kwa silaha yoyote ya muvi, na ukilijibu nusu ya kazi imeisha. Usiangalie mapambo, yatakuchanganya. Angalia zile sehemu ambazo fundi hawezi kuzigusa bila kuiharibu bunduki: umbo la mpini, triga na ule mviringo unaoizunguka, nyundo ya nyuma, mahali risasi zinapoingilia, mahali maganda yanapotokea. Kwenye C96 mpini ni mwembamba wa duara kama wa ufagio, na kasha la risasi limekaa mbele ya triga badala ya kuwa ndani ya mpini. Ukiona hivyo viwili kwa pamoja umeshaipata.

Vipimo navyo vinatokana na hapo hapo. C96 ya kawaida ina urefu wa milimita 312 hivi, mtutu wake milimita 140, ila mtutu usiufanye rula yako, watu wa sinema wanapenda sana kuukata. Chukua kitu cha katikati, mfano upana wa kasha la risasi au umbali wa triga mpaka nyundo, utafute kipimo chake kwenye michoro ya bastola halisi, halafu kipime hicho hicho kwenye fremu ya muvi kwa piseli. Ukigawa unapata piseli ngapi ni milimita moja na kuanzia hapo kila kitu kingine kwenye fremu ile kinapimika, darubini, mabano yake, ule mdomo wa mbele, vyote. Fremu iwe ya ubavu kabisa na silaha iwe katikati ya picha, manake pembeni lenzi inavuta vitu. Fanya hesabu kwa sehemu mbili tofauti za bastola, kama majibu hayakubaliani jua silaha imeinama kidogo kwenda au kutoka kwenye kamera, achana na fremu hiyo tafuta nyingine.

Na ujue unachora kitu cha thamani. Mauser moja iliyotumika kwenye muvi ile iliuzwa kwa mnada Marekani 2022 kwa dola 1,057,500.

SWALI: Tunabishana na rafiki yangu. Yeye anasema bunduki za wale Stormtrooper, askari weupe wa Star Wars, zilikuwa plastiki tupu, mimi nasema zilikuwa bunduki za kweli. Nani mkweli? *– Mbishi*

JIBU: Kwa ile ya 1977 wewe uko karibu zaidi na ukweli. Chini yake kuna Sterling, bunduki fupi ya rashasha ya jeshi la Uingereza. Ile ya kawaida ina kasha refu la risasi lililopinda linalochomoza ubavuni kushoto, wao wakaweka fupi. Juu wakaweka darubini ya kifaru cha kivita, ubavuni wakabandika kihesabio cha viwandani cha Hengstler, na zile mbavu nyeusi kando ya mtutu ni vipande vya mkanda wa plastiki, vimefuata mistari ya matundu ya kupoozea ambayo Sterling inayo tayari. Zilipigwa risasi baridi kabisa (za baruti bila kichwa), na kuna fremu ambazo ukiwa mvumilivu utaona maganda yakiruka kutoka kwenye silaha inayodaiwa kurusha miale. Hapo ndo umwite rafiki yako aje aone.

Ila asione aibu sana. Kwenye sinema silaha moja huwa na ndugu zake wa mpira au rezini (plastiki ya maji inayogandishwa), wale wa kuangushwa, kukimbia nao na kubebwa na waigizaji wadogo wa nyuma ya picha. Ndo maana unaweza kukuta fremu mbili za silaha moja zisizofanana hata skrubu. Ukiiga, amua mapema unaiga ipi, ukichanganya zote mbili utapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

SWALI: Dada fundi, nataka kuunda bastola ya Deckard, shujaa wa muvi ya Blade Runner, ile yenye mpini unaopitisha mwanga na taa ndogo. Sina vyuma wala mashine, nina rezini tu na nia. Inawezekana? *– Mwenye Nia*

JIBU: Inawezekana mdogo wangu na nimefurahi umeichagua, kwangu mimi hakuna bastola ya muvi iliyofikiriwa vizuri kama hii. Ni silaha mbili ndani ya moja. Chini kuna rivolva ya Charter Arms Bulldog, juu wakapandisha mitambo ya bunduki ya kuwindia ya Steyr Mannlicher, ile sehemu ya komeo la kusukuma risasi. Ndo maana ina triga mbili na ndo maana ukiitazama ubavuni akili yako inakataa kuamua ni bastola au bunduki.

Muvi ilitoka 1982 na kwa miaka mingi mafundi walikuwa wanakisia tu kutoka kwenye fremu za giza na mvua. Ile halisi iliyotumika kwenye picha za karibu ikaonyeshwa hadharani 2006, na 2009 ikauzwa kwa mnada dola 270,000. Picha zake za karibu zilibadilisha kila kitu, kwa hiyo ukitafuta marejeo chukua picha za baada ya 2006, michoro ya kabla ya hapo iangalie kwa tahadhari.

Mpini sasa. Tumia rezini angavu, tia rangi ya kaharabu tone kwa tone, na pima kwa kumwaga kidogo kwenye kitu chenye unene sawa na mpini wako, manake rangi inayoonekana nzuri kikombeni ikifika kwenye kipande chembamba inapauka, na kwenye kinene inakuwa kahawia ya giza. Mapovu ndo adui mkubwa. Kama huna chungu cha presha cha kubana mapovu, pasha chupa za rezini kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya (vifuniko vifungwe, maji yasiingie), koroga taratibu, mimina kwa uzi mwembamba kutoka juu ukianzia kona moja ya moldi na uache ijae yenyewe. Rezini iliyopashwa inawahi kuganda kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mezani. Ukishaitoa, piga msasa wa maji kuanzia namba 400 (namba ikipanda msasa unakuwa laini) kwenda 800, 1500, 2000, halafu polishi. Usiruke hatua, mikwaruzo ya 400 haitoki kwa 2000 hata ukisugua mpaka kesho. Vaa glavu, fungua madirisha, na ukisugua vaa barakoa, vumbi la rezini halina urafiki na mapafu.

Taa ni rahisi kuliko unavyodhani. LED nyekundu inahitaji kama volti 2, ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 9 utaiunguza, weka kizuizi (resista) cha omu 390 kwenye waya mmoja na itakaa salama. Swichi ifiche. Na acha njia ya kubadilisha betri bila kubomoa mpini, hili nakuomba sana, nimeona kazi nzuri mno zimekatwa kwa msumeno kwa ajili ya betri.

SWALI: Nimechapisha kwa printa ya 3D bunduki ya wale wanajeshi wa muvi ya Aliens ya 1986, nikapiga rangi nyeusi safi, lakini inaonekana kama mwanasesere. Kosa liko wapi? *– Mweusi Tii*

JIBU: Kosa ni hiyo nyeusi. Mwili wa ile bunduki haukuwa mweusi, mafundi wengi wanaufananisha na rangi ya modeli ya kampuni ya Humbrol iitwayo Brown Bess, kahawia yenye ukijivu. Muvi ina mwanga mwingi wa bluu ndo maana kwenye skrini unaona kijani, kijivu au karibu nyeusi, inategemea eneo.

Na hii nayo ina mifupa ya kweli: ndani ni Thompson M1A1, ile rashasha ya Vita Kuu ya Pili, chini yake Remington 870 iliyokatwa, imezungushiwa sehemu za bunduki ya SPAS-12. Kwa hiyo ukiiga usiigize rangi tu, igiza tabaka. Anza na nyeusi au rangi ya chuma, ikauke, kisha kahawia juu. Halafu sugua kidogo tu pale ambapo mkono, mkanda na meza vingegusa: kingo za mpini wa kubebea, mdomo wa kasha la risasi, kona za kitako. Unga wa penseli ukiupaka kwa kidole kwenye kingo hizo unatoa mng'ao wa chuma usiopatikana kwa rangi. Watu wengi wanakwaruza kila mahali sawasawa na hapo ndo inarudi kuwa mwanasesere, silaha iliyotumika inachakaa kwa sababu, kila mkwaruzo uwe na mtu aliyeusababisha.

Kabla ya yote lakini, mistari ya printa iondoe kwa praima nzito (rangi ya msingi) na msasa, rangi haifichi mistari, inaionyesha. Na kama umechapisha kwa plastiki ya PLA usiiache ndani ya gari juani, inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi na mtutu utapinda.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, ameunda bastola ya muvi ya RoboCop nzuri ajabu na anataka kwenda nayo kwenye shindano la mavazi, anasema ataivaa kiunoni njiani. Mimi moyo unadunda. *– Mama Mlezi*

JIBU: Mama, moyo wako uko sahihi na nakuomba usimruhusu aivae njiani. Ile ya RoboCop imejengwa juu ya Beretta 93R, bastola halisi kabisa iliyorefushwa mtutu, kwa hiyo jinsi kazi yake ilivyo nzuri ndivyo askari au mpita njia atakavyoamini ni ya kweli, na hatakuwa na muda wa kuuliza.

Sheria zinatofautiana. Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1980 silaha za kuchezea zinatakiwa ziwe na alama, mara nyingi ncha ya rangi ya machungwa mdomoni, na Uingereza sheria ya 2006 inabana hata kutengeneza bandia inayofanana mno na halisi. Ulizeni polisi wa mnapoishi kabla ya siku ya shindano. Halafu: isafiri ndani ya boksi lililofungwa lisiloonyesha umbo, mdomo uzibwe na uwe na rangi kali, ikifika isitolewe mpaka ndani ya ukumbi, na waandaaji waikague kwanza. Asimwelekezee mtu hata kwa picha bila huyo mtu kukubali. Na isijengwe kamwe juu ya silaha halisi au kitu kinachoweza kufyatua chochote, rezini na plastiki vinatosha kabisa.

Mwambie pia anitumie picha za ule mtutu kwa ubavu, nataka kuona ile mifereji ya mbele ameichonga vipi.