Sanduku la chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo mama. Baba yetu alipofariki tulihangaika siku tisa kutafuta wosia na hati ya nyumba. Tulivikuta ndani ya bahasha ya picha za harusi. Sasa natazama kwangu naona nafuata njia ileile: vyeti vya watoto, risiti za zamani na mikataba vyote vimo kwenye sanduku moja chini ya kitanda. Mume wangu hajui hata pasipoti yake ilipo. Nianzie wapi? Na je, nivipige vyeti lamineshi visichakae?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nilifanya kazi masjala miaka 27. Walioniuma zaidi pale kaunta ni wale ambao karatasi yao ipo, tena nzima, ila aliyeiweka ndiye aliyezikwa. Kwa hiyo ninapokujibu namfikiria mumeo na wanao, siku ambayo wewe hutakuwepo kuwaelekeza.

Lamineshi kwanza, maana kosa lake halirudi nyuma. Usipige. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuishikiza kwenye karatasi, na ukijaribu kubandua unang'oa maandishi. Halafu karani anayekagua cheti hupapasa muhuri wa kugandamiza kwa kidole, huinua karatasi kwenye mwanga atafute alama ya maji, hugeuza atazame nyuma. Plastiki inamzuia, na ofisi nyingi hukikataa cheti cha namna hiyo. Mimi mwenyewe nilikipiga lamineshi cheti changu cha ndoa kwa mapenzi tu, nikitaka kidumu. Siku nilipokihitaji nilirudishwa nikaombe kingine, na nilikingoja miezi mitatu. Tumia mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, wa poliesta au polipropilini. Ile mifuko laini ya PVC, yenye harufu kali ikiwa mipya, iepuke, kwani hunata kwenye maandishi na kuyahamisha.

Sasa mwaga sanduku lote sakafuni, siku ambayo huna haraka. Wengi hupanga kwa aina: vyeti vyote pamoja, mikataba yote pamoja. Mimi napanga kwa mtu. Mtoto akitakiwa shuleni au hospitalini, unachukua bahasha yake moja yenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na matokeo ya mitihani, unaondoka. Kila mmoja awe na yake, na nyumba nayo iwe na yake: hati, ramani, bima, mkataba. Risiti na ankara zikae mbali kabisa na hizo, kwa kuwa ndizo zinazofanya sanduku lionekane limejaa.

Unapopanga, toa pini, vibanio vya chuma na mipira. Chuma hushika kutu na kuacha doa lisilotoka; mpira ukizeeka hulainika ukanata, au hukauka ukakatikia hapohapo juu ya karatasi. Selotepu usiitumie hata kidogo. Lakini wosia usiuguse: usichomoe pini yake, usiongeze nyingine, usiubanie chochote. Matundu yasiyo na maelezo humfanya mwanasheria aulize ni ukurasa gani uliochomolewa.

Kisha andika orodha. Hapa ndipo ninapokusihi, hata kama mengine yote utayaacha. Ukurasa mmoja: jina la karatasi, namba yake, tarehe inapoisha, na mahali ilipo ile halisi. Kwa pasipoti andika tarehe ya miezi 6 kabla ya mwisho wake, kwa sababu nchi nyingi hazimpokei msafiri ambaye pasipoti yake imebakiza muda pungufu ya huo. Nakala moja ya orodha ikae ndani ya kasha, nyingine kwa ndugu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.

Kasha lisikae sakafuni. Bomba likipasuka, maji huanzia huko. Weka juu, kabatini, kwenye ukuta wa ndani usiopata unyevu. Ukipendelea kasha la benki ni sawa, ila wosia usiuweke humo iwapo kasha lina jina lako peke yako. Picha za simu piga, zinasaidia kuomba hati nyingine kwa kuwa namba unayo, lakini zihifadhi kwa nywila na mahali pengine zaidi ya simu hiyo.

Ukimaliza, mwambie mumeo akuletee cheti cha mtoto wa pili. Kaa kimya, usimwonyeshe kwa jicho wala kwa kidole. Zikipita dakika tano hajakipata, badilisha mpangilio, yeye usimlaumu.

SWALI: Friji yangu imeharibika ikiwa bado ndani ya dhamana, lakini risiti niliyoitunza vizuri kwenye mfuko wa plastiki imekuwa nyeupe tupu. Nifanyeje?

JIBU: Pole. Risiti nyingi za madukani hazina wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto la mashine, na maandishi hayo hufifia kwa mwanga, kwa mafuta ya mikono na kwa plastiki laini kama ya mfuko wako. Siku nyingine itoe nakala ya kawaida au ipige picha siku uliyonunua, kisha ibanie kwenye kijitabu cha dhamana. Kwa sasa chukua taarifa ya benki au ya malipo ya simu inayoonyesha tarehe na kiasi, nakili namba iliyo kwenye kibandiko cha friji, ndani au nyuma yake, uende navyo dukani uwaombe watafute mauzo ya siku hiyo. Na risiti nyeupe nenda nayo vilevile.