Mchumba anataka nimkopee kwa simu yangu

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina miaka 22, nauza duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa kwa mshahara wa 280,000. Nimepanga chumba Uyole, 35,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Imebaki miwili na sijaweka kitu. Mama yuko Tukuyu, humtumia 50,000. Mchumba wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, amelala hesabu za mwenye pikipiki za siku 12, kila siku 10,000. Anataka nimkopee mtandaoni, na namba yangu ya siri anaijua. Usingizi sipati.

JIBU: Pole sana, mdogo wetu. Usikope.

Tuseme programu inakuandikia 150,000, inakata 30,000 ya ada juu kwa juu na kukupa 120,000. Baada ya siku 14 inataka 150,000 kamili. Hiyo ni riba ya asilimia 25 kwa wiki mbili! Mshahara wako unakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku ya kulipa itakukuta mfuko mtupu, utakopa kwingine kuziba hapa. Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu. Nyingine huomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu. Ukichelewa, bosi wako na mama wanatumiwa ujumbe kwamba unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Deni la mchumba wako lina njia nyingine. Kwanza aseme hesabu zililala kwa nini. Kama pikipiki ilikuwa kwa fundi au aliugua, aende kwa mwenye pikipiki kabla hajafuatwa, aombe siku hizo 12 ziongezwe mwishoni mwa mkataba. Waandike, wasaini wote wawili mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala. Kama hela iliishia kwenye mikeka ya kubeti, hata ukimlipia leo, mwezi ujao atalala tena.

Sasa kodi yako. Unahitaji 210,000 kwa mishahara miwili, yaani 105,000 kila mmoja. Siku ile ile ya mshahara mpelekee mwenye nyumba, akuandikie risiti. Ikikaa kwenye simu itaombwa. Mama mpigie mapema, kabla ya tarehe aliyoizoea, umwambie kwa miezi miwili utatuma 20,000. Mzazi huumia zaidi kwa kungoja bila taarifa. Inabaki 155,000: chakula 80,000, nauli na vocha 45,000, umeme na maji 10,000, akiba 20,000. Ni kubana kweli, hasa chakula. Nunua mchele na maharage ya mwezi kwa mkupuo, usipime kilo kilo dukani. Kodi ikishalipwa, tenga 35,000 kila mwezi, hutakimbizana tena.

Mchumba mwambie mchana, mkiwa mmetulia: “Nakupenda, ila kwa jina langu sikopi. Kesho nitakusindikiza kwa mwenye pikipiki.” Akinuna siku mbili tatu, mvumilie. Akikutisha au kukupiga, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Na usingizi usiporudi ndani ya wiki mbili, muone daktari.

Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na mkopo wowote utakaochukuliwa humo utadaiwa wewe. Badilisha namba ya siri leo, kabla hujalala.