Dayatomu wa kisima cha Wete na wale wa kwenye barafu: ni wamoja?

SWALI: Assalamu alaykum, Daktari. Nasomesha Bayolojia katika skuli moja hapa Wete. Juzi tuliparuza utelezi uliogandia jiwe la kisima tukautia chini ya hadubini. Mwanafunzi akaona vitu vya kahawia, umbo la mtumbwi, vinateleza. Nikamwambia hao ni dayatomu, mwani wadogo mno, na kwamba viumbe wa kiasi hicho hupeperushwa na upepo, wamo dunia nzima. Akaniuliza: "Hata kule kwenye barafu ya ncha za dunia ni hawa hawa?" Nikasema ndiyo, lakini roho haikutulia. Nilimjibu sawa?

JIBU: Waalaykum salaam, Maalim. Ulimjibu walivyojibu wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1934 Mholanzi Lourens Baas Becking aliandika kwamba kila kitu kipo kila mahali, ila mazingira ndiyo yanayochagua. Kwa dayatomu wa ncha ya kusini, kauli hiyo imeshindwa.

Nitasema "maji matamu", yaani yasiyo ya chumvi, kama tusemavyo nyumbani. Vitabu huyaita "maji baridi", na huko tunakokwenda hata bahari ni baridi, tutachanganyikiwa.

Sababu ni kutengwa na bahari, na mfano wake uko mlangoni kwako. Katika zama za mwisho za barafu, bahari ilishuka kiasi cha mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara hauna kina kirefu, ukakauka, wanyama wakavuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana popo wa Pemba, yule mkubwa mnayemwona Kidike akining'inia mchana kutwa, hapatikani popote pengine.

Ncha ya kaskazini ni kama Unguja. Greenland, Svalbard, kaskazini ya Kanada na Siberia zimeizunguka bahari ya Aktiki, zimeungana na bara au ziko jirani nalo, na kila kiangazi mabata bukini huruka kutoka kusini kwenda kutaga huko. Dayatomu wengi wa madimbwi yale utawakuta pia kwenye milima ya Ulaya.

Antaktika, bara la ncha ya kusini, ni kama Pemba. Pale bahari ilipo nyembamba zaidi, kati yake na Amerika ya Kusini, ni kiasi cha kilomita 800, na njia hiyo ya maji ilifunguka zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita. Ardhi isiyofunikwa na barafu haifiki asilimia 1 ya bara lote. Utafiti uliotoka mwaka 2021, uliokusanya sampuli za mamia ya maziwa, ulikuta zaidi ya aina 4 katika kila 10 za dayatomu wa maji matamu hazijulikani kwingineko duniani. Tena hata kule kwenyewe hawafanani: visiwa vya pembezoni vina wao, rasi ina wao, na bara la ndani lina wachache waliozoea shida. Katika mabonde makavu ya McMurdo yapo maziwa yenye kifuniko cha barafu cha mita 3 hadi 5 mwaka mzima, na chini yake mikeka ya bakteria wa kijani-buluu, dayatomu wakiishi humo humo.

Basi kwa nini hatukuliona hili mapema? Hapa ndipo panaponiuma. Waliotangulia walikuwa na vitabu vya Ulaya. Ukiona gamba la dayatomu refu lililopinda kidogo, unafungua kitabu, unaona jina la dayatomu Hantzschia amphioxys, unaandika hivyo hivyo. Jina moja likatumika dunia nzima, kisha jina hilo likawa ndio ushahidi kwamba kiumbe yupo dunia nzima! Wako waliokuwa waangalifu: Mbelgiji Henri van Heurck, mwaka 1909, alieleza dayatomu wa Antaktika ambaye leo anaitwa Luticola muticopsis, na hadi sasa anahesabiwa kuwa wa huko.

Na upepo? Upepo unabeba kweli, lakini kufika si kufika hai. Dayatomu wengi wa ziwani wakikauka au wakiganda hufa. Wa udongoni ni wagumu zaidi. Linganisha na mwani wa theluji, Sanguina nivaloides, ambaye hujifungia katika chembe yenye ukuta mnene na rangi nyekundu. Huyo yuko ncha zote mbili. Ndiye anayeifanya theluji iwe nyekundu kama ile aliyoiona nahodha John Ross huko Greenland mwaka 1818.

Kwa hiyo mrudie mwanafunzi wako, mwambie: kaskazini baadhi yao huenda ni hawa hawa, kusini wengi ni wengine, na wa Wete bado hatujawapima. Chukueni mswaki wa zamani, sugueni jiwe, tieni tone kwenye kioo. Atazame kwa ukuzaji wa mara 400. Gamba la dayatomu ni kama mkebe na mfuniko wake, la kioo, lenye mistari iliyopangika. Achore anachokiona, si kilichochorwa kitabuni, apime urefu na upana, ahesabu mistari kama inaonekana. Wengi watakuwa na urefu wa milimita 0.02 hivi, 50 wakipangwa mstari wanatimia milimita moja. Aandike kisima gani na tarehe gani, halafu nileteeni mchoro huo kabla hamjampa jina.