Jibu: Mdogo wake yuko ICU, nimfiche kaka mtu?

Pole sana dada, Mungu amponye mwanao aliyelazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwa nimonia. Unauliza kama umfiche kaka yake wa miaka sita: usimfiche. Mtoto wa miaka sita anaona bibi kahamia ghafla na baba macho mekundu. Asipoambiwa atajitungia yake, na mara nyingi huwa mbaya kuliko ukweli. Umri huo wengi hudhani wao ndio chanzo: "nilimsukuma juzi, ndiyo maana anaumwa." Kwa hiyo mwambie hata kama hajauliza, kwamba hakuna alichofanya wala kusema kilichosababisha hii nimonia.

"Amelala tu" usiseme, wengine huanza kuogopa kulala. Sema mapafu ya mdogo wake yamechoka, mashine inamsaidia kupumua.

ICU nyingi haziruhusu watoto, muulize nesi wa zamu. Akiruhusiwa, mwonyeshe kwanza picha ya mdogo wake akiwa na ile mirija na umweleze milio ya mashine. Akigoma mlangoni, msimlazimishe. Akikataliwa, mrekodi sauti kwenye simu ukamsikilizishe mdogo wake.

Akianza tena kukojoa kitandani, au tumbo kumuuma kila asubuhi ya shule, usimchape. Mara nyingi ni hofu hiyo. Na akilia kisha baada ya dakika tano yuko nje anacheza mpira, asiambiwe hana huruma (mashangazi wetu kwa hilo, jamani!). Watoto huhuzunika kwa vipande vipande.

Shule aende, mwalimu wake ajue. "Atarudi kesho" usimwahidi.