Jalada halijifungui lenyewe

Mwanangu Saidi,

Sisi wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua, tunapuliza salfa, kwa hiyo ukiona karatasi hii ina vumbi la njano usishangae.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza haraka, ya pili nikavaa miwani. Unauliza kama ni salama wewe na Sipho kwenda Kampala mwezi wa tisa kwa mkutano wako wa kazi, kisha mpumzike Cairo kabla ya kurudi Cape Town, na mjihadhari na nini. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni, umeandika: "Na nyumbani je?"

Ya sheria nayamaliza upesi. Uganda walipitisha yao ya kupinga mapenzi ya jinsia moja mwaka 2023; ina kifungo cha maisha, na kwa baadhi ya makosa ina kunyongwa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile cha kumlazimisha raia kwenda kuripoti mwenzake, lakini sehemu kubwa imebaki. Misri wanatumia sheria ya ufuska ya 1961, na askari wao wanajulikana kwa kuingia kwenye zile programu za kutafuta wapenzi, wakajifanya mtu mpole, wakapanga miadi. Basi Cairo msikutane na mtu yeyote mliyemjulia kwenye simu, awe na maneno matamu kiasi gani. Programu zenyewe zifuteni mkiwa bado Cape Town, na picha pia ziondoeni. Chumba kiwe cha vitanda viwili. Na kumbuka Sipho ana pasipoti ya Afrika Kusini, wewe ya Tanzania. Mkikamatwa, balozi zitakazoitwa ni mbili, na wako ni wa nchi yenye kifungu cha 154, kinachowafunga wanaume kama nyinyi.

Ile karatasi mliyosaini huko (jina lake sijalitamka bado, nivumilie) Afrika Kusini wanaitambua tangu 2006, lakini Kampala wala Cairo haitakusaidia. Sipho akilazwa, wewe ni mtu baki. Nendeni kwa mwanasheria mwandike nyingine, ya kawaida kabisa, kila mmoja akimpa mwenzake idhini ya kuzungumza na daktari na kushughulikia fedha na mizigo yake. Hiyo haisemi nyinyi ni nani. Hata rafiki humwandikia rafiki.

Lakini mwanangu, nimekaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, na neno langu mnalijua, dada zako walikuwa wakiniigiza nalo mezani: jalada halijifungui lenyewe. Kila jalada nililolipa namba lilikuwa na mtu aliyeamka asubuhi, akavaa vizuri, akatembea hadi kituoni kusema. Kifungu kinalala kitabuni. Anayekiamsha ni mtu, na mara nyingi ni mtu unayemfahamu.

Baba yako mdogo Rashidi alikaa Mocímboa da Praia miaka mingi, akishona nguo, nyumba moja na Amade. Kifungu cha Wareno kilikuwepo bado, Msumbiji wamekuja kukifuta 2015, na hakuna askari wa kule aliyewahi kumgusa. Aliyemgusa ni mtu wetu wa Mikindani. Alikwenda kununua samaki, Rashidi akamkaribisha, akalala kwao, akala kwao, Amade akamfulia hadi shati. Alipovuka Ruvuma kurudi alifikia barazani moja kwa moja, na jioni hiyo mji mzima ulikuwa na habari.

Bibi yenu alipofariki, Rashidi alipita mpakani Kilambo alfajiri akatukuta tunatoka nyumbani. Watoto wa kiume ndio tunaoshuka kaburini kumpokea mama yetu. Mimi nilitangulia. Ukiwa chini mle huoni kitu ila shuka waliyoitandaza juu na miguu ya watu ukingoni. Nikaona makubadhi yake, yana matope ya mto bado, yanasogea ashuke. Nikasikia mzee mmoja anasema, taratibu kabisa, "Wewe simama pembeni." Makubadhi yakarudi nyuma. Ikashuka miguu mingine, ya mtoto wa ami yetu, na mimi mikono yangu ilikuwa juu tayari kumpokea mama.

Yule mnunuzi wa samaki tunaswali naye safu moja mpaka leo. Ananipa mkono, nampa wangu.

Mwaka 2017 vita vilipoanza kule Cabo Delgado, watu wakawa wanakimbilia huku kwetu na magodoro kichwani. Rashidi alikimbilia Nampula.

Utaniambia Misri hakuna mlalamikaji, askari anamtengeneza mwenyewe. Kweli, hapo umenishinda. Lakini 2018 kiongozi mmoja wa mkoa pale Dar es Salaam alipowataka wananchi wampelekee majina ya watu kama nyinyi, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni mawazo yake, si ya serikali. Yeye akasema ujumbe umeshaingia kwa maelfu. Waliotuma ni akina nani? Jirani, mpangaji mwenzako, binamu. Jalada halijifungui lenyewe! Kwa hiyo Kampala mimi siogopi askari kwanza. Namwogopa Mtanzania atakayekuwa kwenye mkutano huo, mchangamfu, anayetaka mpige picha pamoja airushe kwenye kundi la ukoo. Shangazi yako hana ubaya, ila ana bando.

Sasa je, nikuambie umfungie mlango kila mtu wa kwenu? Rashidi hakutangaza wala hakujificha, alimpa mgeni chakula kama alivyofunzwa na mama. Angefanyaje? Nikimwambia mwanangu asimkaribishe mtu wa nyumbani, nimemlea nini? Naandika hapa nafuta, naandika nafuta.

Na nyumbani je. Unakijua kifungu, ni maisha, na kisipungue miaka 30, walikikaza 1998. Karani anasema msije. Baba yako naye ana la kusema, liko mdomoni kabisa, lakini nikilitoa utalifanya hukumu, na mimi sikuwahi kuwa hakimu. Niache nalo kwanza.

Tuma tarehe, namba za ndege na jina la hoteli, kwangu peke yangu. Kila jioni nipate ujumbe hata wa neno moja. Na mama yako, niliyemsomea barua yote nikauruka mstari wa mwisho, kumbe aliusoma mwenyewe begani kwangu, anauliza Sipho anakula pweza. Nimemwambia swali hilo linatangulia mambo. Amesema hakuniuliza mimi.

Baba yako